Hasheem Bei Gani?

Ndugu zangu wa Tingi, nanyi wa Mbamba Bay mtakaosomewa barua hii, huku Marekani kuna biashara ambayo mkulima wa kahawa ataielewa upesi kuliko mchumi. Watu wazima, wenye mikopo ya nyumba na ndevu za mvi, hununua vikadi vya picha za wachezaji wa besiboli na wa kikapu, na kadi inayogombewa kuliko zote ni ya mwaka ambao mchezaji aliingia ligi kuu. Kadi hupelekwa kwa wapimaji, PSA kwa mfano, wanaochungulia pembe zake na kuipa alama, 1 hadi 10, kisha wanaifungia katika kasha la plastiki. Ni kama kahawa inavyopangwa madaraja kinuni Mbinga kabla ya kwenda mnadani, ila kahawa mwishowe hunywewa.

Hoja yangu ni moja: kadi ya mchezaji wa kawaida haisemi alikuwa na uwezo gani, inasema tu watu wamebakiwa na matumaini kiasi gani juu yake. Ushahidi ni kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba, yaani timu kadhaa zilimtazama zikampita. Kadi zao zilitoka katika pakiti zilezile, kwa wino uleule. Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu ule, ya pekee na yenye sahihi yake, ilithaminiwa dola milioni 5.9 katika mauzo. Ya kawaida ya Hasheem mtu huipata kwa dola moja au mbili, na muuzaji akashukuru.

Mtasema soko limesema kweli: Hasheem alimaliza na wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Sibishi, nambari hiyo ni yake. Lakini wako wengi waliofunga kidogo kuliko yeye na hakuna anayewacheka, kwa sababu hakuna aliyewatarajia. Soko linamtoza Hasheem faini ya kuchaguliwa mapema. Tena soko lenyewe halifuati sheria zake. Kadi ya besiboli ya Mickey Mantle iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 ni ya kampuni ya Topps ya 1952, na si kadi yake ya kwanza. Ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman, ya 1951. Kilichoipandisha ile ya 1952 ni jina la Mantle na uchache. Sy Berger wa Topps alisimulia kwamba mwaka 1960 masanduku ya kadi zile zilizokosa wanunuzi yalitupwa baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilifanya kinyume, vikachapa kadi bila kiasi, na waliojaza stoo wakidhani watasomesha watoto kwa kadi hizo wamebaki na stoo iliyojaa. Kadi za wachezaji wa kawaida wa miaka ile, watu waliopiga mpira kwa heshima miaka kumi, leo hata bure zinakosa mchukuaji.

Wengine watauliza: kama kadi ya Mtanzania wa kwanza ni historia, mbona haipandi? Haipandi kwa sababu mnada huhesabu waliofika na fedha mkononi, na sisi hatujafika. Mmarekani anapoitazama anaona nafasi ya pili iliyopotea. Hana sababu ya kuona shule ya Makongo, wala kijana aliyeanza kucheza kikapu Dar es Salaam kisha akafika Chuo Kikuu cha Connecticut. Nami msinishuku kwamba nasukuma bei: kadi hizo ni nyingi kiasi kwamba mkoa mzima wa Ruvuma ukinunua, zitabaki.

Kwa hiyo atakayetuma fedha za kahawa nimnunulie kadi za biashara, nitamrudishia, hasa akitaja mchezaji anayesemekana atang'ara mwakani. Atakayetaka Hasheem wa kutundika ukutani, au shule itakayotaka kumweka ofisini kwa mwalimu wa michezo, aniandikie. Dola mbili, na juu yake gharama za posta, ambazo nawaonya mapema zitazidi bei ya kadi.