Kiingilio cha Kumwona Bibi

Mpwa wangu wa miaka sita aliingia Upareni kama mtalii. Sitanii. Ndivyo pasipoti yake ya Marekani ilivyogongwa muhuri pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Desemba 2024: amekuja kutembea, ana siku 90. Mama yake, yaani dada yangu, alisimama pembeni na pasipoti yake ya Tanzania na hakuna aliyemhesabia siku. Mtoto ana pua ya marehemu babu yake, ana masikio ya babu yake, na ule ubishi wa ukoo wetu hakuusomea popote. Hata hivyo alipangwa foleni moja na Wazungu waliokuja kupanda mlima.

Habari zilipofika kijijini kwetu Suji, wazee hawakushtushwa na siku 90. Walishtushwa na dola 100. Wageni wengi hulipia viza ya kutembea dola 50, ila Mmarekani hulipa 100, kwa sababu yake ni ya kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya mwaka. Kwa bei ya dola ya siku zile, hiyo ilikuwa zaidi ya laki mbili. Baba yangu mdogo aliipiga hesabu hiyo kichwani, akairudia kwa vidole, kisha akasema, "Yaani mtoto amelipa kiingilio kuja kumwona bibi yake?" Bibi mwenyewe, ambaye ndiye mama yangu, aliuliza tu hiyo pesa inapokelewa na nani, maana yeye ndiye anayetazamwa na hajaona hata senti.

Watani zetu Wachaga husema Mpare ni bahili, na nchi nzima husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. La kwanza nalikanusha hadharani. La pili ningelikanusha vilevile, lakini jioni hiyohiyo baba mdogo alitangaza kwamba Serikali itashitakiwa.

Dada alimtuliza kwa sheria, na kumtuliza Mpare kwa sheria ni kumwagia moto petroli. Alieleza kwamba Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua raia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, ikiwa baba au mama ni Mtanzania wa kuzaliwa, ni raia kwa kurithi. Uraia pacha haukubaliki kwa mtu mzima, ila mtoto anaruhusiwa kukaa na uraia wa huku na wa kule mpaka atimize miaka 18, ndipo achague. Kwa hiyo mtoto hakuwa mgeni hata siku moja. Alichokosa ni pasipoti ya kwao.

"Kurithi?" baba mdogo akauliza. "Nani amekufa?"

Akaelezwa kwamba hajafa mtu. Kisha dada akaongeza neno ambalo ningemshauri alimeze: urithi huo ni wa kizazi kimoja. Mtoto huyu akikua, akazaa hukohuko Marekani, mwanawe hatarithi. Baba mdogo akavua miwani. "Mjukuu anarukwa? Kesi hiyo naishinda hata bila wakili." Ikabidi mama alete makande.

Kikao hakikuamuliwa na uzalendo. Kiliamuliwa na hesabu. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, ile iliyozinduliwa Januari 31, 2018, ilipangiwa ada ya shilingi 150,000, na hudumu kwa miaka. Viza moja ya mtoto huyu ni ghali kuliko hapo, na ni ya mwaka mmoja tu. Tena dada alikuwa anarudi kazini Januari na mtoto angebaki na bibi mpaka katikati ya mwaka, ambapo siku 90 zingekuwa zimekwisha zamani. Tulikuwa tumepanga pia kumpeleka Mkomazi akaone faru, mpaka mtu akakumbuka kwamba hifadhini mwananchi hulipa kwa shilingi na mgeni kwa dola. Safari ikaahirishwa mpaka mtoto awe mwananchi. Kazi ya kufuatilia nikapewa mimi, kwa kuwa ni mjomba, nakaa Same mjini na nina pikipiki.

Nilidhani kazi itakuwa kwenye karatasi za mtoto. Thubutu. Mtoto alikuja na faili zima: cheti cha kuzaliwa cha jimbo la Minnesota chenye muhuri unaouhisi ukiupitishia kidole, kadi ya chanjo isiyo na doa, na karatasi ya hospitali yenye nyayo zake mbili za siku aliyozaliwa, zimegongwa kwa wino mweusi. Baba mdogo aliishika hiyo ya nyayo kwa muda mrefu, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. "Hawa," akasema kwa heshima ambayo sijapata kumwona akimpa mtu, "hawa wanajua maana ya kidhibiti."

Taabu ilikuwa kwetu sisi tuliozaliwa hapahapa. Ukitaka kuonyesha kwamba mtoto amerithi, shurti kwanza uonyeshe anayerithiwa ni nani, na dada yangu kwenye karatasi alikuwa watu watatu. Jina lake linaanza na Eli, kama majina ya nusu ya Wakristo wa milimani. Kwenye cheti cha kuzaliwa, alichokatiwa ukubwani, limepungua herufi moja. Kwenye cheti cha darasa la saba limeongezeka moja. Kwenye kitambulisho cha NIDA limekaa sawasawa, ila mwaka wa kuzaliwa ni mwingine. Chanzo cha mwaka huo tunakijua wote nyumbani. Siku ya kuandikishwa shule aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, kipimo cha umri cha enzi zile, na mkono haukufika. Marehemu baba hakutaka kurudi naye nyumbani. Wakamwongezea mwaka palepale, na mwaka huo umemfuata mpaka Marekani.

Baba wa mtoto naye ni Mtanzania, Msukuma, na sheria ingetosheka na karatasi zake. Nazo ziko kwenye begi, begi liko kwa shangazi yake Mwanza, na shangazi amehama. Tukarudi upande wetu.

Nikapanda Suji kutafuta kadi ya kliniki ya dada. Unashuka na barabara kuu ya Dar es Salaam mpaka Makanya, kwenye joto na vumbi la jasi, halafu unaanza kupanda. Kila kona hewa inapoa kidogo na migomba inaongezeka, na ukifika juu unakuta watu wamevaa masweta, wanakuuliza mbona umechelewa. Mama akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Ndani kulikuwa na vitenge visivyopata kuvaliwa, hati ya shamba, picha ya Mwalimu Nyerere iliyokatwa gazetini, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa sukari, kadi yenyewe ya mwaka 1983. Imefifia, lakini ipo. Uzito wa kuzaliwa ulisomeka. Jina la mama lilisomeka. Mahali pa tarehe, juu ya mwandiko wa nesi, palikuwa na mwandiko mwingine wa kalamu ya risasi iliyokandamizwa kwa hasira: *mahindi debe 2, atarudisha mavuno.* Na jina la jirani.

Mwaka 1983 karatasi ilikuwa adimu kama sabuni, na mama aliandika deni mahali alipojua hapatapotea. Alikuwa sahihi: halikupotea. Nilipomwomba baba mdogo asaidie kusoma tarehe iliyo chini, hakuiona tarehe kabisa. Aliona debe mbili. "Zililipwa?" akamuuliza mama. Mama akafikiri. "Hazikulipwa." Jirani ameshafariki, lakini ana watoto wanne wazima, mmoja ana duka la pembejeo, na kuanzia dakika ile uraia wa mpwa wangu ukawa ajenda ya pili.

Nikajaribu kanisani. Upareni kanisa ndilo masijala ya kwanza: wamisionari Wasabato walifika mwaka 1903, wakaanzia Giti, na Walutheri nao wana madaftari yao. Mlutheri ana bahati, kwa kuwa hubatizwa akiwa mchanga na tarehe ya kuzaliwa huandikwa kukiwa bado na harufu ya uzazi. Sisi Wasabato tunasubiri mtu apate akili ndipo azamishwe majini. Cheti cha dada kinathibitisha bila shaka yoyote kwamba alizama na akaibuka, akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Nikatoa miaka hiyo kwenye mwaka wa ubatizo, nikapata mwaka wa tatu wa kuzaliwa, tofauti na ile miwili.

Ikabaki njia ya kiapo. Mtendaji wa kijiji akaandika barua, na mama nikampakia kwenye gari mpaka Same mjini kwa wakili, aape kwamba herufi zikipungua au zikizidi, mtu ni yuleyule, binti yake wa kumzaa. Wakili, kijana mpole, alimsomea: "Kwamba nilikuwepo wakati mlengwa anazaliwa." Akainua macho. "Mama, una hakika na hilo?"

Mama alimtazama. Wakili akagonga muhuri.

Mambo yalikwama tena alipomwandikia mama taarifa zake. Kitambulisho kinasema alizaliwa Julai 1, kama ilivyo kwa wazee wengi wa kijijini, ambao ukiwasikiliza kwa karatasi utadhani milima ile ilizaa siku moja kwa mwaka. Yeye mwenyewe husema alizaliwa mwaka wa mbiru, na hiyo ni tarehe nzuri kuliko ya kitambulisho. Waingereza walileta kodi ya kupima mali ya kila mtu, wakaipa jina la mbiru, ushuru wa watawala wa kale wa Kipare, wakidhani jina zuri litaiteremsha kooni. Haikuteremka. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliacha mashamba, wakashuka Same, wakapiga kambi bomani wakidai kodi hiyo ifutwe, na miaka michache baadaye ilifutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na Mpare mwenzetu, ameandika juu yake. Babu yangu alikuwa kwenye kambi hiyo. Mkewe akajifungulia mlimani bila yeye. Sasa wakili akimuuliza mama ana ushahidi gani wa kuzaliwa, hujibu kwamba baba yake hakuwepo, na sababu ya kutokuwepo kwake iko kwenye vitabu.

Picha za pasipoti zilitushinda kidogo. Mpiga picha wa Same alitundika kitambaa cha bluu, akamkalisha mtoto kwenye stuli, akasema, "Usicheke." Mtoto huyu tangu azaliwe kila aliyemwelekezea kamera alimwambia acheke. Akatoa meno yote aliyonayo na mapengo mawili. "Usicheke, mjomba," nikamsihi. Akafunga mdomo, akavimba mashavu, kisha akatazama dirishani ambako mbuzi alikuwa anapita na kumwamkia: "Shikamoo!" Tulikuwa tumemwambia aamkie kila anayemkuta nje. Picha iliyopita ni ile aliyokuwa anasubiri mbuzi aitikie.

Kwa maswali ya ofisi ya Uhamiaji kule Moshi tulimfundisha vizuri zaidi. Jina la bibi, jina la kijiji, jina la babu mzaa mama. Mbele ya afisa akajibu yote kwa sauti, "Suji!" ikasikika mpaka nje, na dada, aliyekuwa anafuatilia kwenye simu kutoka Minnesota usiku wa manane, akaanza kushukuru. Afisa akafurahi, akamwongezea moja la kumchangamsha: "Na huku Tanzania umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kutembea," akasema mpwa wangu, kama mama yake alivyomfundisha ajibu uwanja wa ndege.

Afisa alicheka mpaka akavua kofia. Sikumlaumu mtoto: aliulizwa swali lilelile na watu wenye sare zinazofanana, akatoa jibu lilelile. Mashahidi wengi wazima hawawezi hilo.

Pasipoti ilitoka kabla siku 90 hazijaisha, na faru amewaona kwa bei ya mwananchi. Jamaa zetu wa Taveta, ng'ambo ya Holili, wanatucheka, maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawaruhusu uraia pacha mpaka kaburini. Sisi tuna mpaka mwaka 2036, mpwa wangu atakapotimiza miaka 18 na kutakiwa achague upande. Kesi ya debe mbili za mahindi iko kwa mwenyekiti wa kijiji, imeahirishwa tena, na baba mdogo ameomba karatasi ya nyayo itunzwe vizuri, asije mtu akaikana.