Kihariri cha Mjomba

Wapo waungwana wanaoamini kwamba kazi ndogo hutaka zana ndogo, na kwamba chombo kisichozidi ukubwa wa kitabu cha mfukoni hakiwezi kumtaabisha mtu mzima mwenye elimu na kompyuta yake. Nami sina haja ya kubishana nao, maana hawajapata kutiwa katika shauri la kukitengenezea chombo cha namna hiyo kihariri cha matini. Chombo ninachokisema ni ruta ya nyumba ya wageni ya mjomba wangu, Pangani, yenye megabaiti 4 za fleshi na 32 za kumbukumbu, ambayo kwa ufinyu wa nafasi ilikuwa imeondolewa zamani ule ukurasa wa kuiongoza kwa kubofya. Kila mara mjomba alipotaka kubadili neno la siri la wageni, jambo alilolipenda kuliko wageni walivyolipenda, ilibidi karani wake aingie ndani ya ruta na kuliandika katika faili kwa mkono.

Humo ndani hapakuwa na kihariri kingine ghairi ya vi, ambayo asili yake iliandikwa na Bill Joy huko Berkeley mwaka 1976, na ambayo vyombo vidogo hupewa kwa muhtasari katika BusyBox, mkoba mmoja wa zana zilizofupishwa pamoja na ganda la amri. Sina neno baya juu ya vi. Ina watu wake, na watu wake wana stahamala. Lakini desturi yake ni kumpokea mtu katika hali ya kuamuru na si ya kuandika, hata asiyeijua desturi hiyo, akidhani anaandika jina la nyumba, huwa anafuta mistari. Na njia ya kutokea ni nukta pacha, q na alama ya mshangao, siri ambayo kioo hakiitaji popote. Karani, kijana mwenye adabu nyingi, aliingia baada ya adhuhuri, na alasiri mjomba akamkuta angali humo, akiomba idhini ya kuchomoa waya wa umeme. Idhini ilitolewa. Wageni walikaa bila intaneti hadi Ishaa.

Dawa ilijulikana: nano, kihariri kilichoanzishwa na Chris Allegretta mwaka 1999 kwa jina la TIP, kikabadilishwa jina Januari 2000 kwa kuwa Unix ilikwisha kuwa na tip nyingine. Fadhila yake kubwa ni kwamba huziandika amri zake chini ya kioo, mtu azione, na miongoni mwa hizo imo ya kutokea. Laiti ruta ingekuwa changa, kazi ingekwisha kwa amri moja ya kupakua kifurushi. Lakini ghala la vifurushi vya toleo lake lilikuwa halijibu tena, na kiwanda kilichoitoa kilikwisha kuisahau. Nikamwambia mjomba kwamba nitakitengeneza mwenyewe, naye akaniombea dua, nikadhani anazidisha.

Sharti ifahamike kwamba programu haitengenezwi ndani ya ruta, maana kompaila peke yake haiingii humo hata kwa kukunjwa. Hutengenezwa katika kompyuta kubwa kwa ajili ya prosesa ya namna nyingine. Ili kupata kompaila ya kazi hiyo, kompaila uliyo nayo hutengeneza kwanza kompaila ya pili, na kwa ajili ya kihariri cha kilobaiti mia chache kompyuta yangu ilitoa gigabaiti zaidi ya kumi za diski na usiku mzima wa feni kuvuma, hata mjomba akauliza kwa upole kama umeme wa shughuli hii unalipwa na nani.

Asubuhi nikaipeleka programu katika ruta, nikaiita kwa jina. Ruta haikusema kwamba haijui lugha ile. BusyBox, ikipewa programu isiyo ya prosesa yake, huidhania kuwa ni hati ya amri, ikaanza kuisoma kwa ikhlasi kuanzia mstari wa kwanza. Nami nikajibiwa kwamba katika mstari wa kwanza pana kosa la sarufi, yaani mabano yasiyotarajiwa. Nimepata kusahihishwa sarufi na walimu, na maimamu, na mke wangu. Kusahihishwa na kijisanduku cha plastiki ilikuwa mara ya kwanza.

Sababu ilikuwa mayai. Prosesa za MIPS zipo za mikono miwili, zinazoanza kuhifadhi nambari kwa upande wake mkubwa na zinazoanza kwa mdogo, na kibandiko cha chini ya ruta kilisema MIPS tu, kikanyamaza. Majina ya madhehebu hayo mawili yalitiwa katika elimu ya kompyuta na Danny Cohen, katika waraka wa tarehe 1 Aprili 1980, akiyatoa katika hadithi ya Gulliver ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, ambamo mataifa yanapigana vita kwa kutoafikiana yai lipasuliwe upande gani. Mjomba aliposikia kwamba nakesha kwa ajili ya hayo, alisema yeye hula yai kwa upande wowote, akaenda kulala.

Nikageuza upande, kompyuta ikavuma tena, na mara hii ruta haikulaumu sarufi. Ilisema: haipatikani. Nikaorodhesha faili, nayo ile pale, na jina lake, na ukubwa wake, na ruhusa zake timamu, nikaiita, haipatikani.

“Iko au haiko?” aliuliza mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

“Iko, mjomba. Ila nikiiita, najibiwa kuwa haiko.”

“Basi huyo ni mdaiwa, mwanangu. Nami ninao wapangaji wawili wa tabia hiyo.”

Hakuwa mbali na kweli, kwa maana kilichokosekana hakikuwa programu bali mdhamini wake: ndani ya kila programu ya Linux inayotegemea maktaba za nje imeandikwa njia ya kipakiaji kitakachoiamsha, na yangu ilikitaja cha musl, ilhali ruta ile ya zamani ilikuwa na maktaba ya uClibc. Asipopatikana mdhamini, ganda la amri hutangaza kwamba mwenyewe hayupo. Nikaamua kila kitu kifungwe ndani ya programu yenyewe, isimtegemee mtu. Ikanenepa, na ruta ikasema haina nafasi. Nikaipunguza kwa kuinyofoa majina ya ndani, nikaondoa rangi, usahihishaji wa tahajia na maandishi marefu ya msaada, hata ikaingia kwa taabu.

Ikaingia, lakini ikakataa kufunguka mpaka ijue inazungumza na terminali gani, kwa kuwa kompyuta yangu ilijitambulisha kwa jina la kisasa lenye rangi 256, na orodha fupi ya ruta haikuwa na jina hilo. Ilinibidi niiapishe kompyuta niliyoinunua kwa mkopo kwamba yenyewe ni VT100, terminali ya mwaka 1978. Ikakubaliwa mara moja, kwa taadhima.

Kufunga kifurushi kungekuwa jambo jepesi, maana ni faili chache zilizobanwa pamoja na karatasi ya maelezo, lau isingekuwa make, programu ya kuongoza ujenzi wa programu nyingine, iliyotungwa na Stuart Feldman mwaka 1976, na ambayo hutaka kila amri itanguliwe na tabo wala si nafasi. Feldman mwenyewe alipata kueleza kwamba alitaka kulirekebisha hilo mapema, ila programu ilikwisha kupata watumiaji kama dazeni moja akaona haya kuwasumbua; nasi tuliokuja baada yao twasumbuliwa kwa niaba yao. Kihariri changu cha kompyuta kubwa, kwa ukarimu ambao haukuombwa na mtu, kilikuwa kimezigeuza tabo zote kuwa nafasi. Kwa hiyo kihariri kimoja kilizuia kufungwa kwa kingine, na husuda hii ya kikazi sikuitazamia katika mashine.

Kifurushi kikafungwa, kikasakinishwa, nami nikarudi Dar es Salaam. Haikupita muda mjomba akapiga simu. Karani amefungua faili bila shida, na amri ya kutokea ameiona chini ya kioo, kofia na X, naye kwa utiifu ameandika kofia na X, na kofia na X tena, na kihariri hakimwachii. Nikamweleza mjomba kwamba kofia ile maana yake ni kitufe cha Ctrl, kibonyezwe pamoja na X, na kihariri kikiuliza kama kihifadhi, kijibiwe ipasavyo. Karani akajibu ndiyo kwa kila alichoulizwa, kama alivyolelewa.

Zile kofia zote zikahifadhiwa katikati ya neno la siri la wageni. Nilitaka kuzifuta siku ile ile kutoka mbali, lakini mjomba akanizuia, akinieleza kwamba wageni huandikiwa neno lile katika kikaratasi na karani huwasaidia, ama vijana wa nyumba ya pili, waliokuwa wakimtumilia intaneti yake bure tangu mfungo uliopita, wameshindwa kabisa kuipata kofia katika simu zao.