Kwa Mwenye Mkebe wa Rangi Nyekundu

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Mountain View, jirani na Kangemi, kwenye lile jengo lako. Nasema lako kwa sababu mwenye nyumba huja tarehe 5 tu kuchukua kodi, lakini wewe ndiye uliyelitia sahihi. X ya kwanza ya kutuonya tuhame uliichora kando ya lango. Ya pili ukaichora juu ya rangi ya krimu ambayo mwenye nyumba alifunikia ya kwanza, kisha akatuongezea kodi kwa sababu jengo sasa linapendeza. Juzi umetuletea ya nne. Mtoto wa jirani yangu aliiegemea ikiwa mbichi akingoja basi la shule, akaingia darasani na mstari mwekundu mgongoni. Mama yake anauliza kama mtoto naye ana siku 14 za kuhama.

Mimi silalamiki. Ni fundi wa vyuma, nimefunga nondo na kukunja ringi za kuzizunguka kwenye mijengo ya mji huu miaka 22, na kazi safi nikiiona naijua. Mistari yako imenyooka, inakutana katikati kabisa, haijachuruzika. Laiti waliotujengea wangekuwa na mkono huo.

Bimu ya maegesho, ile inayobeba ghorofa 6, ina nyufa za mshazari karibu na nguzo. Ufa wa wima katikati ya bimu ungeniambia vyuma vya chini vimelemewa. Huu wa mshazari huku pembeni ni kilio cha ringi. Nilichokonoa kwa bisibisi pale saruji ilipobanduka nikaona ringi moja, na kutoka hiyo hadi ya pili ni hatua yangu nzima. Ya tatu bado naitafuta. Nondo zenyewe zililazwa juu ya mbao bila biskuti, vile vijiwe vya kuziinua, saruji ikazifunika kama shuka fupi, zikala kutu. Kutu huvimba, ikivimba hubandua saruji, na maji yakapata njia pana zaidi. Nikaweka kaliper: nondo iliyonunuliwa kama ya 12 ni ya 10. Milimita 2 zinaonekana kidogo, lakini ukipiga hesabu ya uso wote wa mkato, karibu theluthi ya chuma ilibaki dukani.

Haya hujayaona, nami sikulaumu. Ukaguzi wako huanzia langoni na kuishia chumba cha keateka, kwenye thermosi ya chai. Maegesho yako mbali, kama hatua kumi na mbili.

Basi nina ombi. Naomba X ijayo uichore kwa chuma.

Usicheke, mkubwa. Nimelifikiria ombi hili usiku mwingi, nikiwa nimelala chini ya bimu hiyohiyo. Mhandisi yeyote atakuambia kwamba X ndiyo herufi yenye nguvu kuliko zote. Jengo letu juu lina kuta, chini, ukitoa nyumba yangu, lina nguzo tupu. Limesimama kwa miguu ya korongo. Ukiweka vyuma viwili vinavyokatana kati ya nguzo na nguzo, upepo ukisukuma kutoka Kangemi mkono mmoja unavutika, ukigeuka kutoka Westlands wa pili unapokea zamu. Jengo linaacha kuyumba. Kumbe miaka yote hii umekuwa ukituchorea dawa, ila ukakosea malighafi!

Na vipimo vimekubali kama vile Mungu mwenyewe alishika futi. Nguzo zimeachana mita 4, kimo ni mita 3, kwa hiyo mshazari ni mita 5 kamili, ile 3-4-5 anayoijua hata kibarua wa jana. Engolaini, chuma cha umbo la L, huuzwa mita 6. Utakata mbili, na vile vipande viwili vya mita moja vitakavyobaki nitakuchomelea kistuli cha kuwekea mkebe, usiwe unainama. Mwisho wa kila mkono tutatia pleti na bolti nne. Katikati, pale mistari yako inapokutana kwa uzuri ule, tutatia bolti moja kubwa. Nimeahidi mafundi wenzangu kwamba wewe ndiye utakayeikaza, na keateka atapiga picha. Hata rangi nyekundu hatutaitupa: chuma kinahitaji koti la kuzuia kutu. Gari la mwenye nyumba litakosa pa kuegeshwa, hilo kweli, lakini nalo limekaa chini ya bimu kwa muda mrefu, nadhani litashukuru.

X hiyo itazuia jengo kuyumba, bimu haitaitibu. Bimu inataka chuma cha umbo la I chini yake, kimesimamishwa juu ya nguzo zake chenyewe, na jeki ya kukisukuma juu. Jeki ni lazima. Chuma kisipobanwa kikaupokea mzigo, hukaa pale kama mgeni wa heshima, kinangoja bimu iporomoke kwanza ndipo kianze kazi.

Unamjua mtu wa namna hiyo, Mheshimiwa?

Jengo la Sunbeam lilianguka Moi Avenue 1996, tukawaona wakubwa. La mtaa wa Ronald Ngala Januari 2006, tukawaona tena. Huruma, usiku wa 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo ambalo tayari lilikuwa limeamriwa libomolewe liliwafukia watu waliolipa kodi kulala humo. Wapatao 50 wakafa. Amri ilikuwapo. Karatasi ilikuwapo. Kule Ng'ando Septemba 2019 waliofukiwa walikuwa watoto wa shule, asubuhi, vitabu vikiwa mezani. Sasa niambie, rangi hiyo unamchorea nani? Sisi tunayo macho. Unajichorea wewe, ili siku ya kamera useme ulituonya.

Samahani. Moshi wa kuchomelea huingia kichwani.

Mengine ni madogo. Andika tarehe kando ya kila X, tuzifanyie karamu ya kuzaliwa. Ukija usiku, kama ulivyokuja ile mara ya tatu, punguza taa za gari, watu wamelala. Na kanuni mpya za ujenzi za 2024, zilizotuondolea zile za 1968, ukipata nakala ya ziada mletee mwenye nyumba. Anasema anataka kuongeza ghorofa ya 7 na anatafuta fundi wa vyuma. Ameniuliza mimi.

Jumamosi nitakuwepo. Njoo na grainda, mashine ya kuchomelea ninayo. Ukichelewa usihangaike kubisha, ingia tu.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa nyumba namba 1, chini ya bimu