Ishangiliwe Shelve

Hifadhidata kubwa zina wapambe wa kutosha. Shelve, moduli ndogo inayokuja pamoja na Python, haijapata hata mpiga zumari mmoja, ingawa kazi yake ni ya heshima: kamusi ya Python, ile ya funguo na thamani, inabaki kwenye diski hata programu ikizimwa. Haitaki seva wala nywila.

Ukoo nao upo. Mzee wake ni dbm, maktaba aliyoiandika Ken Thompson na iliyotolewa na AT&T mwaka 1979.

Lakini uungwana wake hasa uko katika kunyamaza. Mwalimu anahifadhi alama["Asha"] = [54, 61]. Baadaye anaandika alama["Asha"].append(70). Hakuna kosa linalotajwa, hakuna onyo. Kesho yake anafungua faili: 54 na 61. Kumbe kila ufunguo unaposomwa, shelve hutengeneza nakala mpya kutoka kwenye diski, na 70 iliongezwa kwenye nakala hiyo, ikaondoka nayo. Dawa ni kuitoa orodha, kuiongeza, kisha kuirudisha kwa alama ya =. Asiyetaka taabu huwasha writeback=True, na hapo shelve hupata bidii ya ajabu: hushika kwenye kumbukumbu kila kilichoguswa, na wakati wa kufunga huandika vyote upya, hata vilivyosomwa tu, kama dobi anayefua na nguo safi kwa kuwa hakumbuki ipi ilivaliwa.

Wenye hasira huamua kutengeneza shelve yao wenyewe. Hurithi dict, hubadilisha __setitem__ ili iandike kwenye faili, halafu hugundua kwamba update() ya dict inapita pembeni bila kuipigia hodi. Hatimaye huishia kwa MutableMapping, darasa la msingi la Python la kujengea kamusi: unaandika mbinu tano, nyingine unapewa bure. Shelve yenyewe imejengwa hivyo hivyo. (Haikusema, bila shaka.)

Ukarimu wake pia usisahaulike. Thamani huhifadhiwa kwa pickle, njia ya Python ya kuhifadhi vitu ambayo inaposoma data inaweza kutekeleza amri zilizomo, kwa hiyo faili la mgeni mwenye nia mbaya linaweza kuendesha amri zake ndani ya kompyuta ya mwenyeji. Ukiomba faili moja liitwalo alama, kwenye baadhi ya mashine utapewa alama.dat, alama.dir na alama.bak.

Tangu Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, mafaili mapya huwekwa juu ya SQLite pale inapopatikana. Ile 70 ya Asha bado inapotea.