Sifa za Mlinzi wa Pembeni

Ukumbi uko Sinza, saa tatu usiku, na maharusi wamekwisha kuketi. Kwenye kitambaa cheupe kando ya jukwaa picha zao za utotoni zinapita moja baada ya nyingine: bibi harusi na sare ya chekechea, bwana harusi mgongoni kwa bibi yake. Na katika kila picha, chini kulia, yapo maandishi ya kijivu yaliyofifia kama muhuri wa kiwanda kwenye kanga iliyofuliwa miaka kumi, yakiomba Windows iamilishwe. Yamemkaa bibi harusi begani. Yamemkaa yule bibi kwenye kitenge. MC hayaoni, wazazi hawayaoni, na kijana wa kompyuta, aliyepaswa kuyaona, ndiye aliyeyazoea kuliko wote.

Nimeshakutana naye, huyu Mlinzi wa Pembeni, kwenye semina, kwenye vikao vya halmashauri, kwenye runinga za baa siku ya mpira, na kanisani, ubeti wa mwisho wa pambio ukiwa umempanda kichwani. Hakuna mgeni rasmi aliyehudhuria shughuli nyingi kama yeye. Haombi kadi, hali ubwabwa, hadaiwi mchango. Hata hivyo watu humsema vibaya, wengine humwita aibu ya ofisi. Naona dhuluma hiyo imetosha. Leo namsifu.

Mtu husifiwa kwa kuanza na ukoo wake, na ukoo huu una wenyewe.

Babu ni mwandishi wa barua. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta ndogo waraka wa wazi akilalamika kwamba wananakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Hakumung'unya maneno: wengi wenu mnaiba. Wajukuu wote wamerithi sauti hiyo, tuhuma kwanza, salamu baadaye. Lakini babu alikuwa na busara ya wafanyabiashara wa zamani. Mwaka 1998, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington, aliwagusia Wachina ambao hawakuwa wakilipia programu, akasema maadamu wataiba, basi heri waibe za kwetu. Watazizoea, nasi tutapata njia ya kuwatoza baadaye. Mlango wa mbele una kufuli, wa uani umeegeshwa tu. Mjini mwenye nyumba wa namna hiyo huitwa mjanja, na wapangaji wake huitwa wezi.

Baba ni uamilishaji wa Windows XP, uliozaliwa pamoja na XP yenyewe Oktoba 25, 2001. Aliyenunua dukani alipewa siku 30. Aliandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25, kisha mashine yake ikahesabiwa viungo kumi, diski, kadi ya mtandao, kiasi cha kumbukumbu, aina ya prosesa na kadhalika, kama ng'ombe anayepigwa chapa. Akibadilisha viungo vingi kwa mpigo, baba alimgeukia na kumuuliza upya: kwani wewe ni nani? Asiyekuwa na intaneti alipiga simu, akasoma makumi ya tarakimu, akasomewa makumi mengine, na akikosea moja anarudi mwanzo. Kama si baba huyu, watu wangejifunza wapi subira? Kuna waliofika utu uzima bila kumwambia mtu yeyote namba ndefu kuliko ya simu.

Nani atauliza kuhusu wezi? Hao baba aliwahurumia. Wiki kadhaa kabla XP haijafika madukani, toleo lake la makampuni makubwa, ambalo halikuhitaji kuamilishwa hata kidogo, lilivuja pamoja na ufunguo wake. Aliyelichukua hakuhesabiwa kiungo wala hakupiga simu. Ufunguo ule ulikuja kuzuiwa mwaka 2002, mwaka mzima wa starehe ukiwa umekaribia kukatika. Mwenye risiti alikuwa kwenye simu akisoma tarakimu. Asiye na risiti alikuwa ameshalala.

Huo ndio usawa ninaotaka kuusifu kabla sijasahau. Geti la kawaida humzuia asiye na tiketi. Geti la ukoo huu humpapasa mwenye tiketi mfukoni, kwenye soksi na ndani ya kofia, kwa sababu ndiye pekee aliyepitia getini.

Shangazi alifuata baada yake. Jina lake refu la Kiingereza lilimaanisha, kwa makisio yangu, faida ya kuwa halali. Alipakuliwa kwenye mashine za watu pamoja na viraka vya usalama, yaani alipanda gari la wagonjwa akiwa mzima wa afya. Kazi yake ilikuwa kukagua kama XP yako ni halisi, na Juni 2006 ikagundulika kwamba kila siku alikuwa akipiga simu nyumbani kwao kimyakimya. Wamarekani walichukia, wengine wakaenda mahakamani, kampuni ya Gates ikapunguza simu zake. Sikuelewa hasira ile. Watoto wetu walio Muscat na Minnesota hupiga simu Idi na Krismasi, na sisi tunashukuru. Ukipata ndugu anayepiga kila siku, unamshitaki?

Lakini fahari ya shangazi ni siku aliyougua. Ijumaa, Agosti 24, 2007, kwa kosa la mtu, programu ambayo haikuwa tayari ilipelekwa kwenye seva zake. Kwa takriban saa 19, watu waliolipia XP na Vista kwa pesa zao, wakajipeleka wenyewe kukaguliwa, walijibiwa kwamba nakala zao si halisi. Wenye Vista walipokonywa hata yale madirisha ya kung'aa kama kioo. Kampuni ilieleza baadaye kwamba mashine zilizoguswa hazikufika 12,000, na ikaomba radhi. Hesabu hiyo naikubali. Ninachokistaajabia ni utaratibu: siku hiyo aliyejitokeza kukaguliwa ndiye aliyeonekana mwizi, na aliyekwepa ukaguzi hakukutwa na kosa lolote. Mahakama gani nyingine duniani imewahi kufikia ukamilifu huo?

Mjomba Vista, wa mwaka huohuo wa 2007, alikuwa mkali. Ukishindwa kuamilisha kwa muda wake, alikuachia kivinjari cha intaneti kwa saa moja, kisha akakutoa nje. Ukitaka tena, ingia upya, saa moja nyingine. Ndugu wa mfungwa wanaujua utaratibu huo. Mwaka 2008 kampuni yenyewe iliona amezidi ikamtuliza, na tangu hapo familia imekuwa ikitafuta adhabu isiyoumiza, bali inayoudhi.

Waliipata China. Oktoba 2008 mashine zilizokutwa na Windows isiyo halisi zilianza kugeuka mandhari kuwa nyeusi, picha ya mtoto au ya ziwa ikafunikwa giza. Mtumiaji aliweza kuirudisha, akaifurahia dakika 60, giza likarejea. Wachina wengi walikasirika, na mwanasheria mmoja wa Beijing aliwapelekea polisi malalamiko. Watu hawana shukrani. Saa ngapi za mchana mtu hukumbushwa kutazama picha ya mwanawe?

Hapa inabidi nimlete ndugu yao wa kambo, ambaye familia haimtaji karamuni. Kwa ajili ya nchi maskini, ili watu waache nakala za magendo, kampuni ilitoa kuanzia mwaka 2004 toleo la bei nafuu la XP, lililoanzia Asia ya Kusini-Mashariki. Lilikuwa halali kabisa, lina ufunguo, lina baraka zote, na halikuruhusu zaidi ya programu tatu kufunguliwa kwa wakati mmoja. Ukifungua barua, kikokotoo na kivinjari, muziki usubiri. Mwaka 2009 akazaliwa mdogo wake wa Windows 7, akawekwa kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Yeye alisamehewa zile programu tatu, lakini hakuruhusu mwenye mashine kubadilisha mandhari. Msomaji aliyepitia hesabu atanisaidia hapa. Mchina aliyetumia nakala ya magendo alikuwa na picha ya mwanawe dakika 60 kwa kila saa aliyojisumbua kuirudisha. Mnunuzi halali wa toleo la maskini hakupewa hata dakika moja. Nasema hivi bila kinyongo. Uaminifu una raha zake nyingine.

Nyumbani kwetu sifa za ukoo huu ziko mikononi mwa mafundi. Ukienda Kariakoo na kompyuta nzito, hakuna atakayekuuliza kuhusu leseni. Swali ni moja: "Tupige Windows?" Kupiga Windows kunagharimu sahani chache za chipsi mayai, na ndani ya bei hiyo unapata Windows, Office, programu ya kuchora ramani za nyumba ambayo hukuiomba, na filamu mbili za Kihindi. Fundi huzima kwanza kinga ya virusi, kwa sababu kinga hiyo ina tabia ya kumtambua yeye. Kisha huifanya mashine iamini kwamba iko chini ya seva ya kampuni kubwa. Utaratibu halisi wa makampuni hutaka mashine kuripoti kwa seva yao kabla ya siku 180 kupita, na hivyo fundi mwenye uchumi mzuri hukuacha bila mtambo wa kujihuisha, ili baada ya miezi sita muonane tena, mjuliane hali. Tunalia kila siku kuhusu ajira kwa vijana, na hapa kuna ukoo wa Marekani uliotuajiria mtaa mzima bila semina wala mkopo wa halmashauri.

Mwisho fundi huzima masasisho, akisema kwa sauti ya daktari: "Haya ndiyo yatakayokuumbua. Tena yanakula bando." Si kweli kwamba viraka vya usalama vilinyimwa nakala za magendo, kampuni ilikwisha kuamua kuwapa hata hao, kwa kuwa mashine mgonjwa huambukiza jirani. Lakini hofu ya Mlinzi imekwenda mbali kuliko Mlinzi mwenyewe. Mei 2017 kirusi WannaCry kilipofunga mashine duniani na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikiwemo, kilipenya kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi. Miezi miwili kiraka kilikaa pale, bure. Aliyefunga mlango kwa kuogopa kuulizwa risiti alikuwa amemfungia nje mganga.

Naona hapo sifa zangu zinakaribia kuteleza. Turudi kwa Mlinzi, kitinda mimba, mpole wa wote. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia Juni 2016, simu zilizima, zikawa matofali, watu wakaenda dukani. Mlinzi hazimi kitu. Windows 10 na 11 zisizoamilishwa hufanya kazi miaka na miaka. Hukatazwa kubadilisha mandhari na rangi, basi, na yeye hukaa pembeni akiomba. Kwao Marekani toleo la nyumbani la Windows 11 linauzwa dola 139. Sitaipeleka bei hiyo kwenye mshahara wa mwalimu wa Namtumbo, tusije tukamwaga ubwabwa kwenye sherehe ya watu. Ila ukoo uliokoma kupiga kelele si lazima uwe umeongoka. Pengine umegundua kwamba tulio ndani hatutoki tena, kama babu alivyobashiri mwaka 1998.

Wiki mbili baada ya harusi ile nilikaribishwa kutazama albamu. Mpiga picha alifanya kazi nzuri, na picha moja kubwa, ya kurasa mbili, inawaonyesha maharusi wakicheza mbele ya kitambaa cheupe, Mlinzi akisomeka vizuri juu ya keki. Shangazi wa bibi harusi, mama mtu mzima aliyekuja kutoka Tanga na anayetaka kila jina lijulikane, aliweka kidole pale, akavua miwani, akavaa tena.

"Hawa," akauliza, "ni upande wa bwana harusi?"