Kaya ni Watu Sita, wa Saba Akae Wapi?

Enzi zile kaya ya watu sita ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, mwandikishaji wa bima ya afya ya jamii alipita asubuhi na simu yake ya kupigia watu picha, akaacha kijiwe kinafukuta.

"Shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita mnatibiwa," alisema Mwalimu Mstaafu akikunja gazeti. "Gawanyeni wenyewe. Ni 5,000 kwa kichwa. Kwa siku haifiki hata mia, nyumba nzima! Kinyozi hapa anamaliza vikombe vinne vya kahawa kabla ya saa nne."

"Vya kukopa," alidakia Muuza Kahawa.

"Lile deni si nililipa?"

"Ulilipa la Ramadhani. Mimi nadai la Maulidi."

Mama Vitumbua hakuinua macho kwenye karai. "Mwalimu, hiyo mia ya kila siku nani anaipokea? Nionyeshe nikampe sasa hivi. Huyo bwana anaitaka 30,000 yote kwa mpigo, na siku hiyo ndiyo mwenye nyumba naye anabisha hodi."

"Weka akiba!"

"Wewe una pensheni, baba. Mimi nina kikoba, na wiki hii si zamu yangu."

Boda akazima pikipiki. "Mimi hela naweza kuungaunga. Shida yangu hesabu. Nyumbani tuko wanane: mimi, mama watoto, watoto wanne, mama mzazi na shemeji. Nimwache nani?"

"Shemeji!" kijiwe kizima kiliitikia.

"Shemeji ndiye mgonjwa wa kila mwezi!"

"Basi jiache wewe," alisema Mama Vitumbua. "Ukianguka tutakuchangia. Ila ufe kabisa, maana kijiweni hapa mtu akifa turubai linafika kabla ya magharibi. Akilazwa, simu zetu zote hazipatikani."

Mwalimu akakohoa. "Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa wote, jamani!"

"Wote wangapi? Mbona kwa Boda wawili wako nje ya mlango?"

Kinyozi naye akachomoza na la kwake. "Mimi kadi ninayo. Nilikwenda na tumbo, nikapimwa vizuri, nikaandikiwa. Kufika dirishani: dawa hakuna, kanunue duka la mbele. Duka la mbele halijui kadi."

"Ungeomba rufaa. Zahanati, kituo cha afya, wilaya, hadi hospitali ya mkoa."

"Kwa tumbo la kuendesha, Mwalimu? Ngazi zote hizo ningezipanda na suruali ngapi?"

Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. "Kwa hiyo mnasema tusijiandikishe?"

"Nani kasema?" Mama Vitumbua alijifuta mikono kwenye khanga. "Mimi kanipiga picha leo asubuhi, nimeshika mwiko. Nikikosa dawa nitagombana na dirisha nikiwa na kadi mkononi. Ninyi mnataka kulalamikia mchuzi ambao hamjachangia hata nyanya."

Boda alikuwa bado anahesabu vidole. "Labda mama nimwombee nafasi kwenye kaya ya kaka..."

"Kaka yupi?" aliuliza Kinyozi. "Yule uliyemuuzia tairi lenye viraka?"

"Lilikuwa zima! Kaliharibu mwenyewe!"

Muuza Kahawa alisogeza birika kando, maana pale palikuwa hapakaliki tena.