Lakunle Yumo Darasani

Kidato cha nne tunasoma The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Humo yumo mwalimu wa shule, Lakunle: suti imembana, Kiingereza kinampwaya. Anamhubiria binti aitwaye Sidi ustaarabu, anagoma kutoa mahari, anamwaga maneno makubwa makubwa. Mwishowe binti anaolewa na Baroka, chifu wa miaka 62, ambaye wake anao tele nyumbani.

Mimi nilicheka. Nikaandika kwenye jibu langu kwamba nilicheka. Kalamu nyekundu ikauliza: dhamira iko wapi?

Kumbe dhamira zimo kwenye kitini, zimeshatafunwa, kazi yetu ni kumeza. Andika kwamba mwandishi anatufundisha kuenzi mila. Ongeza kwamba anatufundisha pia kupenda maendeleo. Alama zinaingia pande zote mbili, na hakuna anayeuliza huyo Soyinka alikuwa upande gani.

Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na maswali tuliyauliza mpaka mwalimu akachoka. Sekondari bango mlangoni likatangaza Kiswahili marufuku, basi darasa zima likanyamaza. Wakaguzi walipopita wakatusifu kwa nidhamu.

Shikamoo, Mwalimu. Ombi letu ni dogo: kabla ya mtihani, tuachie kipindi kimoja tuigize hiyo tamthilia. Sehemu ya Lakunle usihangaike nayo, mwigizaji tunaye.